Cromer: Wiki Nzima Bila Shughuli

Shule za Uingereza zikishafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, bei ya karavani za pwani huporomoka, na wanaojua kuhesabu senti hungoja wakati huo. Si Waingereza peke yao. Kwenye foleni ya kuchukua funguo katika kambi moja karibu na Cromer, kaskazini mwa Norfolk, nilisikia Kipolandi, nikasikia lugha ambayo mdogo wangu aliniambia ni Kimalayalam cha wauguzi kutoka Kerala, na nyuma yetu mama mmoja akamkaripia mwanawe kwa Kiswahili cha Mombasa: "Hebu tulia wewe! Bahari haiendi mahali!" Mdogo wangu, ambaye naye ni muuguzi huko Norwich, aligeuka wakasalimiana. Kabla hatujafika dirishani walikuwa wamekwisha kuulizana makwao na kazi zao, na nani anamjua nani Leicester.

Cromer ni mji mdogo. Wakazi wake hawafiki elfu kumi, na umekaa juu ya ngema inayoitazama Bahari ya Kaskazini. Kutoka Norwich ni safari ya treni isiyotimia saa moja, ikipita katikati ya mashamba. Kuna kanisa la mawe ya gumegume ambalo mnara wake ndio mrefu kuliko ya makanisa yote ya parokia mkoani humo. Kuna gati iliyofunguliwa mwaka 1901, yenye ukumbi wa maonyesho juu yake. Kuna maduka ya samaki na chipsi, na wazee wengi wenye mbwa. Ukishayaona hayo umemaliza, na mtu aliyezoea miji ya watalii hubaki akiuliza, "Na kesho?" Kesho ni hayo hayo.

Kabla sijaingia ndani ya karavani, niseme jambo kuhusu likizo zetu. Sheria tunayo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo; Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inataka zisipungue siku 21 za kazi. Kwenye karatasi tumewapita mbali Waingereza wa 1938, ambao bunge lao ndiyo kwanza lilikuwa likifungua mlango wa wiki moja. Lakini muulize mwalimu wa Muheza amefanya nini na siku zake 28. Amesimamia msingi wa nyumba. Amehudhuria harusi mbili na arobaini moja, zote kwa mchango. Amempeleka mama yake kliniki ya macho, amesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, na siku mbili za mwisho amesahihisha mitihani aliyokuja nayo kwenye mfuko. Mdogo wangu akija Tanga huja na masanduku mawili makubwa, na karibu yote yaliyomo ni ya watu. Likizo yetu ni ya kwenda kwa watu. Sisemi ni mbaya, maana ndiyo inayotushikanisha. Ila tusiiite mapumziko, na tukumbuke kwamba anayelipa gharama ya kuvichanganya viwili hivyo mara nyingi ni mwanamke, yule anayeshuka kwenye ndege na kuingia moja kwa moja jikoni.

Ndiyo maana mwaka huu mdogo wangu aliniambia niende mimi kwake. "Dada, njoo huku. Nimechukua karavani. Hatutamtembelea mtu."

Karavani tuliyoikodi ni ya aina isiyotembea. Magurudumu inayo, lakini ililetwa juu ya lori, ikawekwa mahali pake, ikafungwa minyororo ardhini kwa sababu ya upepo, na hapo itakaa mpaka izeeke. Nyingi za namna hiyo hutengenezwa Hull na vitongoji vyake, kaskazini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo. Ndani kuna sebule yenye makochi yaliyozunguka dirisha, jiko la gesi, friji, meza ya kukunja, choo chenye bafu, na vyumba viwili ambavyo ukiamka vibaya unagonga kabati. Hakuna kitu chenye kazi moja tu: kochi ni kitanda, kiti ni sanduku la mablanketi. Kuta ni nyembamba. Mvua ikinyesha unaisikia kama uko chini ya bati la nyumbani, na usiku wa kwanza ilininyeshea hivyo, nikalala usingizi ambao sijawahi kuupata hotelini.

Upande wa pili wa uwanja zilikuwa karavani za kuvutwa na gari, na huko ndiko nilikojifunza mambo. Mmoja wa majirani, mzee mstaafu aliyekuja na mkewe kutoka katikati ya Uingereza, alikuwa akilivingirisha pipa la maji kila asubuhi kutoka bombani hadi mlangoni, taratibu, akisimama kumsalimu kila aliyempita. Akirudi alimwaga maji machafu mahali pake. Kisha alichukua kile kisanduku cha choo, akakipeleka kukisafisha, kazi ambayo huifanya kila mwanamume kambini kwa uso wa mtu anayebeba barua za serikali. Kisha mitungi ya gesi. Alinieleza, bila kuulizwa, kwamba mtungi mwekundu ni propani na wa buluu ni butani. Butani inafaa kiangazi, lakini joto likishuka karibu na sifuri haitaki tena kugeuka mvuke, na mtu aliyekuja Machi na mtungi wa buluu atakunywa chai baridi. Akanionya pia kuhusu umeme: nguzo za kambini hutoa ampea 16, basi ukiwasha birika, hita na kikaango kwa pamoja, unakata umeme wako mwenyewe.

Nilimtazama kwa siku kadhaa kabla sijaelewa kwa nini mtu anayelipa ili apumzike anafanya kazi zote hizo, tena akionekana amepumzika kweli. Kazi za karavani zinamalizika. Pipa likijaa limejaa. Mtungi ukifungwa umefungwa. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye wodi ambayo haijawahi kumalizika tangu aingie; anapomkabidhi mwenzake zamu, wagonjwa wako pale pale, na kesho watakuwepo wengine. Mzee yule naye alikuwa fundi wa matengenezo kiwandani kwa miaka mingi, na mashine za kiwandani hazikumalizika kuharibika. Hapa mikono inapewa vijikazi vidogo, kichwa kinaachwa. Siku ya pili mdogo wangu alifagia karavani nzima kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai, akasimama na ufagio mkononi akitafuta pa kuendelea. Hapakuwepo. Akakaa.

Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa likizo za namna hii alipumzika kwa njia nyingine: alikuwa na watumishi. William Gordon Stables, Mskoti, alikuwa daktari katika jeshi la wanamaji la Uingereza, na katika ujana wake alipangiwa manowari iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Msumbiji. Baadaye akawa mwandishi wa hadithi za vijana, tena mwandishi asiyechoka. Mwaka 1885 alitengenezewa Bristol gari la mbao nzuri kama behewa la daraja la kwanza, akaliita Wanderer, akalifunga farasi wawili, akashika njia ya kwenda Scotland. Lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Mtumishi mmoja aliongoza farasi. Mwingine alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya watu wa barabarani kwamba gari linakuja. Bwana mwenyewe alikaa ndani akiandika kitabu kuhusu raha ya maisha mepesi. Kabla yake walioishi ndani ya magari ya farasi walikuwa Waroma na watu wa maonyesho ya mitaani, na hao hakuna aliyewaita watalii. Walikuwa wakifukuzwa kijiji hadi kijiji, na wazao wao wanafukuzwa mpaka leo. Mambo ya maskini yakiigwa na mwenye nafasi hupata jina zuri.

Mwaka 1907 wenye karavani walikuwa wameshaunda chama chao. Mwaka 1919 kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kuuza karavani za kuvutwa na motokaa, lakini bado ilikuwa starehe ya wenye motokaa, na hao walikuwa wachache. Fundi wa kiwandani aliyetaka kuiona bahari alipanda treni asubuhi akarudi jioni, maana siku asiyofanya kazi hakulipwa. Vyama vya wafanyakazi vilipigania hilo kwa miaka, na sheria ya likizo yenye malipo ya 1938 ndiyo iliyoanza kugeuza mambo. Vita vikaingia mwaka uliofuata. Vilipokwisha, watu walikuwa na wiki yao ya likizo na hawakuwa na pa kwenda. Wakulima wa pwani, ambao shamba la ukingoni mwa ngema halikuwapa mavuno ya maana, waliona biashara: uza nyasi kwa wiki. Karavani zikajaa, nyingine zikiwa za likizo, nyingine makazi ya kudumu ya familia ambazo mabomu au uhaba wa nyumba uliziacha bila paa. Ilipofika 1960 bunge likatunga sheria ya leseni za viwanja vya karavani, ndipo yakaja masharti ya maji, vyoo na nafasi. Zile mita sita unazoona kati ya karavani moja ya kuvutwa na nyingine hazikuwekwa kwa ajili ya faragha. Ni kwa ajili ya moto.

Faragha, kwa kweli, haipo, na nadhani ndiyo sehemu ya dawa. Waingereza ninaowajua mimi wanaweza kuishi miaka kumi ukuta kwa ukuta bila kujuana majina. Wape nyasi na mlango wa plastiki, wanageuka watu wa uswahilini. Wanaazimana kifungulio cha chupa, wanaulizana hali ya hewa, wanachungulia sufuria ya jirani. Siku tuliyopika kaa kwa tui la kopo, mke wa yule mzee alikuja mara mbili: mara ya kwanza kuuliza kama gesi yetu iko sawa, mara ya pili na sahani.

Kaa wa Cromer wanahitaji aya yao. Wavuvi hapa hawana bandari. Boti zao ndogo husukumwa majini kutoka ufukweni kwa matrekta, matrekta yaliyoliwa kutu mpaka rangi yake huijui, na zikirudi huvutwa juu kwa njia hiyo hiyo. Madema yao yamefumwa kwa nyavu juu ya fremu ya chuma, lakini mvuvi wa Kigombe angeyatambua mara moja: mlango wa kuingilia, chambo ndani, na kiumbe asiyejua kurudi alikotoka. Kinachowafanya kaa hao wasifiwe kote nchini, kwa maneno ya wavuvi, ni mwamba wa chaki ulio chini ya bahari, unaoambaa na pwani hiyo kwa zaidi ya kilometa thelathini na unaohesabiwa kati ya miamba mikubwa ya aina yake Ulaya. Kaa anayelelewa hapo hatoki mkubwa, ila nyama yake ni tamu na imejaa. Wenyeji humchemsha, humchokoa, hutenganisha nyama nyeupe na ya kahawia, kisha huirudisha yote ndani ya gamba kwa mistari, nadhifu kama keki. Hula na mkate na siagi, na tone la ndimu. Hakuna pilipili. Nilikula kwa heshima. Ukiniuliza kwa siri nitakwambia kaa yule alikuwa analilia bizari.

Watoto nao wana uvuvi wao juu ya gati. Kila mmoja na uzi, ndoo na kipande cha nyama ya nguruwe. Wanateremsha, wanangoja, wanavuta kaa mdogo akining'inia, wanamtia ndooni, wanamtazama. Jioni wanawamwaga wote baharini. Mpwa wangu tuliyekuja naye alipewa vichwa vya samaki badala ya ile nyama, na kaa hawakuonyesha ubaguzi wowote. Nilikaa kwenye benchi nikifikiria vijana wa kwetu Deep Sea, pale Tanga, ningewaelezaje mchezo wa kuvua kutwa nzima na kurudisha kila kitu.

Gati hiyo hiyo, kwenye ncha yake, ndiko iliko boti ya uokoaji. Taasisi ya Kitaifa ya Boti za Uokoaji, iliyoanzishwa mwaka 1824, inaendeshwa kwa michango ya watu, na wanaotoka na boti usiku wa dhoruba wengi wao ni watu wa kujitolea: muuza samaki, fundi, mwalimu. Cromer ina makumbusho ya mmoja wao, Henry Blogg, mvuvi wa kaa aliyezaliwa 1876 na kufariki 1954. Alihudumu miaka 53, na hesabu ya taasisi inasema boti zake ziliokoa watu 873. Januari 1917, wakati vijana wa mji walikuwa vitani na waliobaki kwenye makasia walikuwa watu wazima wenye mvi, alikwenda kuwatoa mabaharia wa meli ya Kigiriki. Aliporudi, wenzake hoi, meli ya Kiswidi ikalipukiwa na bomu la baharini, ikakatika vipande viwili. Bahari iliirudisha boti yao ufukweni, makasia yakavunjika. Wakaenda tena. Alipata nishani ya dhahabu ya taasisi hiyo mara tatu.

Lakini kilichonisimamisha mimi pale makumbusho ni jambo dogo. Siku za kiangazi Blogg alikuwa akikodisha viti vya turubai kwa wageni wa ufukweni. Mtu yule yule. Asubuhi anapokea senti kwa mtu aliyekuja kuiangalia bahari akiwa amekaa, usiku anakwenda kuwatoa watu katika bahari hiyo hiyo. Sijui ni wageni wangapi waliojua wanampa nani senti zao.

Mji wenyewe uliwahi kuponzwa na makala ya gazeti, jambo linalopaswa kumtia adabu kila mwenye kazi kama yangu. Treni ilifika Cromer mwaka 1877. Mwaka 1883 Clement Scott, mhakiki wa michezo ya kuigiza wa gazeti la Daily Telegraph, alikuja kutafuta utulivu, akatembea juu ya ngema mpaka mashamba ya mipopi myekundu, akapata chumba kwa msaga unga wa kijiji cha Sidestrand, akarudi London akaandika jinsi alivyogundua mahali pasipojulikana na mtu. Baada ya hapo hapakuwa na asiyepajua. Matajiri walijaa, hoteli zikapanda, bei ya ardhi ikapanda, na Scott akaishi kuujutia utulivu aliokuwa ameutangaza. Nami naandika haya nikijua hilo. Najipa moyo kwamba wasomaji wangu wengi watashindwa na nauli ya ndege.

Siku ambayo mvua ilikata tulitembea ufukweni hadi West Runton, kijiji jirani upande wa magharibi, maji yakiwa yamekupwa. Ngema pale ni udongo laini wenye tabaka nyeusi chini. Mwaka 1990, baada ya dhoruba, wenyeji wawili waliona mfupa mkubwa ukichomoza. Uchimbaji mkubwa wa 1995 ulitoa karibu mifupa yote ya tembo wa kale, mamothi wa nyika, mwenye kimo cha mita nne begani na uzito unaokisiwa tani kumi, karibu mara mbili ya dume la tembo wa Ruaha. Alikufa zaidi ya miaka laki sita iliyopita akiwa na goti bovu. Na juu ya mifupa yake kulikuwa na alama za meno ya fisi. Ndiyo, fisi, hapo penye vibanda vya aiskrimu. Nilimweleza mpwa wangu, aliyezaliwa Norwich na hajawahi kusikia fisi akilia, naye akaniuliza kama walikuwa wa Tanzania.

Swali si la kipuuzi kama linavyosikika. Kusini zaidi kwenye pwani hiyo, katika kijiji cha Happisburgh, mwaka 2013 bahari ilifagia mchanga ikafunua nyayo za watu: wakubwa na watoto, wakitembea kandokando ya mto uliokuwepo zaidi ya miaka laki nane iliyopita. Zilikuwa nyayo za kale kuliko zote zilizowahi kuonekana nje ya Afrika. Ndani ya Afrika, sisi tunazo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.6, ambazo zilifunikwa na majivu ya volkano zikatungoja. Za Happisburgh hazikumngoja mtu. Wataalamu walizipiga picha na kuzipima mvua ikiwanyeshea, na katika muda wa wiki mbili hivi maji yalikuwa yamezifuta zote.

Bahari hiyo inaila nchi bado. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 iliingia pwani ya mashariki ikaua watu 307 upande wa Uingereza. Desemba 2013 iliinyanyua sakafu ya gati ya Cromer kama vigae. Happisburgh nyumba zimedondoka moja baada ya nyingine, na barabara iliyokuwa inakwenda ufukweni sasa inaishia hewani. Mwenye nyumba hapo hana la kufanya ila kuhesabu mita zilizobaki. Mwenye kambi ya karavani anafungua minyororo, anaita trekta, anarudi nyuma. Ni ajabu kwamba nyumba iliyodharauliwa kwa wepesi wake ndiyo inayoweza kuishi mahali pale kwa amani. Jioni hiyo nililala nikisikia upepo ukiitikisa karavani yetu, nikaufikiria uzito wake mdogo kwa shukrani, ingawa minyororo nayo niliifikiria.

Mambo mengine yalipita bila kuandikwa. Tulikwenda kwenye onyesho la gatini, lenye wachekeshaji na wachezaji waliovaa manyoya, la aina iliyokwisha kutoweka katika gati nyingine zote za nchi hiyo. Robo ya vichekesho nilivielewa, mdogo wangu nusu, na wazee waliotuzunguka walicheka hata kabla ya mwisho wa sentensi. Tuliswali sebuleni, bahari ikiwa nyuma yetu. Tulicheza karata. Simu ya mdogo wangu haikupata mtandao ndani ya karavani isipokuwa karibu na dirisha la choo, na kufikia katikati ya wiki alikuwa ameacha kwenda dirishani. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kilichanga fedha za harusi ya binamu yetu bila yeye kusukuma, jambo ambalo alikuwa akiamini haliwezekani.

Nimerudi nikiiangalia pwani yetu kwa macho ya chuki kidogo, nakiri. Tuna bahari ya vuguvugu mwaka mzima na mchanga ambao watu wa Cromer wangeulilia. Lakini kitanda kilicho karibu na maji kimepangwa kwa dola. Mwalimu, karani, muuguzi, dereva wa daladala, wao wana ufukwe wa siku moja tu: Coco Beach, Raskazone, au pale Mombasa kwenye ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta. Wanafika na hotipoti ya pilau na dumu la maji, watoto wanaoga na nguo, na kiza kikiingia wanafukuzana na basi la mwisho. Kati ya hotipoti na hoteli ya dola hatuna kitu. Waingereza walikijaza kitu hicho kwa nyasi, bomba la maji na choo kinachosafishwa.

Nina jamaa mwenye shamba la minazi karibu na Pangani, linaloishia baharini. Nilimpigia simu nikamweleza: huhitaji kujenga, wala huhitaji karavani, tunazo hema na vibanda vya makuti. Weka maji, choo, taa na mlinzi, kodisha kwa wiki kwa shilingi ambazo mwalimu anazo. Alisikiliza vizuri, akauliza habari za choo kwanza, kisha za ulinzi, kisha muziki, nani atawazuia watu na spika zao usiku. Nikamwambia Cromer wanayo sheria: saa nne usiku kimya.

"Sawa," akasema. "Na mtu akilipia watu wanne, Ijumaa akashusha kumi na tano?"

Nikamweleza kwamba kule majina yote huandikwa siku ya kulipia, na asiyeandikwa halali.

"Shangazi yake huyo mgeni amekuja kutoka Lushoto na kuku mkononi, na mimi nimwambie hukuandikwa?"

Tumekubaliana kuanza na vibanda vitatu, baada ya masika. Kuhusu shangazi bado tunajadiliana.